Rozimari inakauka na unaimwagia maji kila siku? Weka jagi chini kwanza

Mbuzi wa Karamoja, huku kaskazini-mashariki mwa Uganda, hahitaji mapambo, chumvi na moto wa mkaa vinatosha, hilo kila mtu wa Moroto anajua. Lakini siku moja niliweka tawi la rozimari juu ya mbavu pale kwenye sigiri, wateja wakaanza kugeuza shingo, ati nini hiyo inanukia hivyo, na tangu hiyo siku mchomo wangu, yaani nyama choma, bila rozimari naona kama chai bila sukari. Shida ni kwamba kuagiza kafungu kutoka Mbale kwa mtu wa basi, kanafika kamenyauka na bei imeongezeka njiani, kwa hiyo nikaamua wacha nipande wangu nyuma ya nyumba. Nikanunua mche kwenye nasari ya barabarani, mzuri, umejaa, nikaupanda karibu na ukuta wa jikoni ili iwe rahisi kuumwagia maji ya jagi kila jioni. Miezi mitano baadaye ulikua unakufa mbele ya macho yangu.

Majani ya chini yakaanza kua ya njano, alafu kahawia, alafu ukigusa tu yanamwagika kama mchele. Ncha zikalegea. Mi nikasema hii ni jua la hapa, nikaongeza maji, asubuhi na jioni. Ikazidi kua mbaya. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake ni kile cha kambini, hana maneno mengi, akasimama pale kwenye uzio akaangalia akasema, "Kijana, huyo mgonjwa wako hana kiu. Unamzamisha." Nikacheka. Maji Moroto ni jerikeni za kupanga foleni kwenye borehole, kile kisima cha pampu, nani ana maji ya kuzamisha kitu? Kumbe mzee alikua sawa kabisa, na hicho ndicho nataka kukueleza hapa, kwa sababu nimeona rozimari nyingi za watu zinakufa hivyohivyo kutoka Nakapiripirit mpaka Kotido na kila mtu analaumu jua.

Ujue huu mmea kwao ni pwani za bahari ya Mediterania, huko unaota kwenye mawe na vilima vya chokaa. Angalia jani lake, jembamba kama sindano, kingo zimekunjwa, juu linang'aa kama limepakwa nta na chini lina manyoya meupe, yote hayo ni ya kuzuia maji yasipotee. Kwa hiyo jua kali na ukavu haviitishi. Kitu ambacho haiwezi ni kukaa miguu kwenye matope, na tena matope ya moto. Kwao mvua inanyesha wakati wa baridi na kiangazi ndiyo kikavu, sisi huku mvua inakuja kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi, wakati udongo una joto, na haiji pole pole, inakuja yote mchana mmoja alafu wiki mbili hakuna. Udongo wenye joto na maji yaliyosimama, hapo mizizi inaoza haraka sana, na mizizi ikishaoza haiwezi kunywa, ndiyo maana juu mmea unaonekana una kiu na wewe unaongeza maji. Ni mtego mbaya.

Sasa kabla hujashika jembe, hakikisha kwanza bado uko hai. Chukua ukucha au kisu kidogo, kwaruza gome la tawi moja karibu na ncha, ukiona kijani chini ya gome tawi liko hai, ukiona kahawia kavu shuka chini kidogo ukwaruze tena, endelea hivyo mpaka ukute kijani. Fanya matawi matano sita tofauti. Kama umeshuka mpaka shina karibu na ardhi na kila mahali ni kahawia, pole, huo ni kuni sasa, chukua mche mwingine na usome tu sehemu ya kupanda. Kama kuna kijani hata kwenye matawi mawili tu, kuna kazi ya kufanya.

Alafu ingiza kidole kwenye udongo karibu na shina, kidole chote. Juu inaweza kua kavu imepasuka na chini ni matope, hasa kama uko kwenye ule udongo mweusi wa tambarare, ule ambao kiangazi unapasuka mtu anaweza kupoteza simu ndani na mvua ikinyesha unashika gumboot haiachii. Huo udongo unashika maji kama sponji na unayaachia polepole mno. Ukikuta chini ni maji, harufu ya uvundo, basi ni kuzama. Ukikuta kavu mpaka chini kabisa na majani yamekauka huku bado yana rangi ya kijani-kijivu, hayakupitia njano, hiyo ni kiu ya kweli, inatokea pia, hasa mche mchanga mwezi wa kwanza na wa pili upepo ukivuma kutoka upande wa Turkana. Hiyo ya kiu ni rahisi, nitairudia huko chini.

Kwangu kulikua na kitu kingine nilichoshindwa kuona miezi yote: mabati. Mche niliupanda palepale maji ya paa yanapodondokea! Kwa hiyo mvua moja ya nusu saa, paa zima linamwagika kwenye mmea mmoja, alafu mimi jioni nakuja na jagi langu kwa upendo. Toka nje wakati wa mvua uangalie maji ya nyumba yako yanakwenda wapi, utashangaa.

Kupima kama udongo unapitisha maji sio lazima uite mtu wa kilimo. Chimba shimo la kama sentimita 30 kwenda chini, jaza maji yakauke, jaza tena mara ya pili, hii ya pili ndiyo unahesabu. Yakiisha ndani ya saa moja au mbili, sehemu ni nzuri. Ukirudi baada ya saa nne bado kuna dimbwi, hapo usipande rozimari chini, hata kama wanakuambia weka mchanga. Na hapa watu wengi wanakosea, mimi pia nilikosea: unachukua karai mbili za mchanga unachanganya kwenye udongo mweusi unadhani umeurahisisha, kumbe umetengeneza tofali. Mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi ukikauka unakua mgumu kuliko mwanzo. Dawa ni kwenda juu sio chini. Jenga kitanda cha mawe, Moroto mawe hatununui, kimo cha sentimita 30 mpaka 40, upana wa mita moja hivi unatosha kwa kichaka kimoja, na ndani jaza mchanganyiko wako mwenyewe: udongo wa kawaida sehemu moja, mchanga mnene wa mtoni sehemu moja, na changarawe nusu sehemu. Mchanga wa mtoni ninaosema ni ule wenye chembe kubwa unaobaki mto ukikauka, sio ule vumbi wa plasta. Samadi ya mbuzi weka ngumi mbili tatu tu, ya zamani iliyokauka na kuvunjika, usisikie raha ukamwaga gunia. Rozimari iliyolishwa sana inakimbia kwa urefu, inalegea, na harufu inapungua, na harufu ndiyo tunayoitaka, majani hata mwarobaini unayo.

Kuhamisha sasa. Kama ni msimu wa mvua na mmea unazama usingoje, kila siku unayongoja mizizi inapungua, fanya jioni au siku ya mawingu. Lakini kama ni Januari, jua limesimama kichwani na upepo ni ule wa kukausha nguo dakika kumi, na shida sio kuzama, basi usiung'oe, utaumaliza. Ufunike tu kivuli upande wa mchana, umwagilie vizuri, usubiri mvua za kwanza ndiyo uhamishe.

Usiku kabla ya kuhamisha usimwagie kitu kama ulikua unazama. Chimba kwa kuzunguka, mbali na shina kiasi cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, ingiza jembe chini uinue na udongo wake. Kisha weka kwenye karai na uoshe mizizi taratibu uone. Mzizi mzima ni wa rangi ya krimu au kahawia nyepesi na ukiuvuta haukatiki. Uliooza ni mweusi, laini, ukivuta ngozi inatoka inabaki uzi katikati, na unanuka. Yote myeusi kata, usione huruma, mficha maradhi kifo humfichua. Kisu au makasi yapitishe kwenye moto au uyapanguse na spiriti, kwa sababu kuvu inayoozesha inahama na kisu. Na huo udongo wa zamani usiuweke kwenye kitanda kipya.

Ukishakata mizizi lazima upunguze na juu, kwa sababu mizizi nusu haiwezi kunywesha majani yote. Matawi yaliyokufa toa yote. Yaliyo hai kata theluthi moja ya urefu wake, sio zaidi, na sikiliza hapa vizuri maana ndipo watu wanaua: kata pale ambapo bado kuna majani ya kijani chini ya mkato. Rozimari sio muhogo wala mkahawa ambao unakata kisiki kinachipua. Ukikata mpaka kwenye mti mkavu wa kijivu usio na jani hata moja, mara nyingi hapo hapachipui tena milele. Shemeji yangu alikuja kunisaidia na panga lake, akaanza kusawazisha kama anakata uzio, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Upande huo mmoja mpaka leo una upara.

Vile vincha vya kijani ulivyokata usivitupe!! Navirudia baadaye kidogo.

Panda juu kidogo kuliko ulivyokua, shingo ya shina ikae sentimita mbili tatu juu ya udongo, ili maji yakimbie yasikae shingoni. Usishindilie na mguu. Siku hiyo ya kwanza mwagia vizuri, kama lita kumi, nusu ya jerikeni, polepole ili udongo ushikane na mizizi. Kisha tandaza changarawe au mawe madogo juu. Najua tumefundishwa kutandaza nyasi, kwa nyanya na sukuma ni sawa, lakini hapa nyasi kavu karibu na shina ni kualika mchwa, na mchwa wa huku hawahitaji mwaliko mara mbili. Mawe yanazuia jua lisipige udongo moja kwa moja, hayaozi, mvua ikipiga matope hayarukii majani.

Alafu kivuli, wiki mbili hivi. Gunia kuukuu kwenye vijiti upande wa magharibi, jua la saa saba mpaka saa kumi lisiupate wote. Baada ya hapo toa gunia polepole, leo lisaa, kesho mawili, mpaka uzoee. Usiusahau humo kivulini kwa sababu rozimari inataka jua saa sita na zaidi kwa siku, kivuli cha kudumu kinaleta ukungu mweupe kwenye majani kama unga. Na kama umepanda karibu na ukuta wa mabati, ule ukuta saa nane unarudisha joto kama oveni, usogeze mbali angalau hatua tatu.

Maji: hapa ndipo tabia inabidi ibadilike. Kikombe kila jioni ndiyo mbaya kuliko yote, maana kinalowesha juu tu, mizizi inapanda juu kuyafuata, jua likija linaipika hukohuko juu, na wakati huohuo shingo ya mmea haikauki hata siku moja. Mwagia mara chache lakini mengi. Wiki mbili za kwanza baada ya kuhamisha kila siku tatu au nne, lita tano hivi, kisha mara moja kwa wiki lita kumi, na ukishashika kabisa, mwaka umepita, kiangazi unaweza kwenda siku kumi au wiki mbili. Lakini usifuate kalenda yangu kama askari, kidole ndiyo bosi: ukiingiza mpaka kiungo cha pili ukakuta unyevu, rudi ndani ukanywe chai. Msimu wa mvua mimi simwagii kabisa.

Yule wa kiu ya kweli, niliyesema nitamrudia, mwagie polepole sana, kwa sababu udongo uliokauka kabisa unakataa maji, yanakimbia pembeni. Toboa tundu dogo na msumari chini ya jerikeni ya lita 20, iweke karibu, iache idondoke usiku mzima. Kesho yake kivuli. Baada ya siku tatu nne kwaruza tena gome uone.

Kuhusu maji yenyewe, ya borehole zingine huku yana chumvi, utaona uweupe juu ya udongo au kwenye jerikeni. Usimwagie juu ya majani, mwagia chini, na mvua kubwa ya kwanza ikija mshukuru Mungu itasafisha chumvi ile kwenda chini, ilimradi kitanda kinapitisha. Maji ya kuosha mchele au mboga ni mazuri kabisa. Ya Omo hapana, hata kama umeyaonea huruma.

Mbolea usiguse miezi miwili mitatu. Mtu ametoka wodini humpeleki kula pilau la harusi. Na usivune hata jani, najua ni ngumu, mchomo uko pale unakuangalia. Wiki ya tatu mpaka ya sita hivi utaona vichipukizi vidogo vya kijani cheupe kwenye makwapa ya majani, hapo ujue mizizi imeshika. Kama wiki ya nane imepita na hakuna kitu, kwaruza tena.

Sasa vile vincha. Hiyo ndiyo bima yako, fanya siku ileile ya kukata, kwa sababu mama anaweza kufa hata ukifanya kila kitu sawa. Chagua ncha zenye afya zisizo na maua, urefu sentimita 10 mpaka 15, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mnene uliolowa uliochanganywa na udongo kidogo, kwenye vikopo au chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini. Weka kivulini penye mwanga, lowesha mchanga usikauke lakini usiogelee. Wengine wanafunika na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, huku kwetu joto la ndani ya kaveera linavipika, mi nafunika tu usiku. Mwezi mmoja mpaka miwili vuta kidogo, kikigoma kutoka kina mizizi. Panda kumi utegemee vitano au sita, vikifika vinane gawia jirani. Mbegu usijisumbue, zinachelewa na nyingi hazioti. Njia nyingine ya wavivu ambayo mimi ndiyo naipenda: tawi la chini linaloweza kuinama, likwaruze gome upande wa chini, lilaze kwenye udongo, weka jiwe juu, ncha ibaki nje. Sahau miezi mitatu minne. Litatoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama, alafu unakata unahamisha. Hiyo haijawahi kunikatalia.

Kama huna ardhi, unakaa nyumba ya kupanga, jerikeni kuukuu iliyokatwa inafaa, toboa matundu mengi chini sio moja, mchanganyiko uleule. Ila ile njano ya plastiki juani inachemka mpaka mizizi ya pembeni inaungua, kwa hiyo ivalishe gunia au ifukie nusu. Chungu cha udongo ni bora zaidi kwa sababu kinapumua.

Maadui wengine kwa haraka. Kuku: wanapenda kuoga vumbi chini ya kichaka wanafukua mizizi yote, mawe yanawafukuza. Mbuzi hawaipendi sana hiyo harufu lakini mwezi wa pili mbuzi hana adabu, weka miiba. Kiangazi kuna utitiri mdogo sana huwezi kuuona vizuri kwa macho, majani yanakua na vidoti vyeupe kama vumbi halitoki na kuna utando mwembamba kati ya matawi, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, vikitembea ndio wenyewe. Piga majani na maji kwa nguvu asubuhi, hasa chini, rudia kila siku mbili tatu kwa wiki mbili. Mi sipigi dawa kitu nitakachokula na nyama.

Na kama rozimari yako ina miaka kumi, imekua mti mtupu wa kijivu na majani kidogo juu kama kichwa cha mbuni, usipoteze nguvu kuihuisha, chukua vijiti vyake uanze upya.

Yangu ilichukua miezi minne kurudi. Ukianza kuvuna kata ncha tu, urefu wa kidole kimoja au viwili, sehemu tofauti tofauti kila mara, ndiyo inajaza kichaka. Kwenye mchomo iweke dakika kumi za mwisho, ukiiweka mapema inaungua inakua chungu. Na yale matawi marefu magumu usitupe, toa majani, acha kashungi kwa juu, chonga ncha na kisu, tunga nyama, hiyo mishikaki wateja wangu wanaita ya kizungu na wanalipa bila kupunguziwa.